Maranda Yasitupwe: Yakikutana na Saruji Yanajenga Nyumba

Ni nani kati yetu asiyeyajua maranda? Ukipita mitaa ya Gongoni, na kata nyingine za mji wetu wa Tabora, utakuta karakana za maseremala. Mbele yake vimepangwa vitanda, makabati na fremu za milango. Nyuma yake kuna chungu ya maranda na unga wa msumeno, na mara nyingi chungu hiyo inafuka moshi. Moshi huo huingia katika nyumba za jirani, watoto wakakohoa, na nguo zilizoanikwa zikanuka. Mvua za Novemba zikianza, yasiyoungua husombwa mpaka kwenye mitaro, maji yakakosa njia.

Sisi akina mama hatujayadharau maranda kabisa. Tunayashindilia katika jiko la bati ili maharage yaive bila kununua mkaa. Tunayatandaza katika banda la kuku. Hata hivyo yanayobaki ni mengi kuliko yanayotumika. Mwezi huu tumeona vema tuzungumzie kazi nyingine ya maranda, ambayo wengi wetu hatujaizoea: kuyachanganya na saruji ili kupata vibao vya kujengea. Jambo hili linahusu mfuko wa nyumba yetu, kwa hiyo tutaeleza faida zake, na hasara zake pia. Mfuko mmoja wa saruji ukiharibika, ni ada au sare ya mtoto imepotea.

SI JAMBO GENI

Kuchanganya kitu chenye nyuzi na kitu kinachogandisha ni ujenzi wa zamani sana hapa kwetu. Tembe za Unyanyembe zilijengwa kwa miti na udongo, na mafundi wa udongo mpaka leo hutia majani makavu ili ukuta usipasuke. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 kwa njia ya misafara, walikuta watu wakiishi katika tembe. Hata nyumba ya Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872, ilikuwa tembe. Majani huzuia udongo usipasuke, na udongo huyalinda majani yasiungue wala kuliwa upesi.

Katika Ulaya wazo hilohilo lilifika viwandani. Mwaka 1908 Robert Scherer wa Austria alipewa hataza ya vibao vilivyotengenezwa kwa nyuzi za mti zilizogandishwa kwa madini ya magnesaiti. Miaka ya 1920 wengine wakaanza kutumia saruji. Vibao vya namna hiyo vinatumika hadi leo kwa dari na kuta, kwa kuwa ni vyepesi, vinapunguza joto na kelele, na havishiki moto upesi. Huko Ufilipino taasisi ya utafiti wa mazao ya misitu iliyoko Los Baños ilifanya kazi ya kuvifanya vitengenezeke katika viwanda vidogo, ili vitumike katika nyumba za watu wa kipato cha chini.

Hapa Tanzania, kitengo cha serikali cha utafiti wa ujenzi kilianzishwa mwaka 1971, na mwaka 2001 kikageuzwa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Katika miaka yake ya mwanzo kitengo hicho kilijaribu kuezeka kwa saruji iliyotiwa nyuzi za mkonge. Kenya nayo, katika miaka ya 1980, ilikuwa na vikundi vilivyotengeneza vigae vya saruji na nyuzi kwa mashine ndogo ya kutetemesha.

Majaribio hayo ya mkonge yalitoa fundisho moja ambalo tusilisahau. Saruji ina ukali unaokula nyuzi. Kigae au bati la saruji ambalo nguvu yake inategemea nyuzi ndefu huonekana imara mwanzoni, lakini miaka ikipita nyuzi hudhoofika na kigae huvunjika kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, vibao tunavyovieleza hapa si vya kuezekea. Kazi yake ni ya ndani, mahali pakavu, na visibebe uzito mkubwa.

KWA NINI TUHANGAIKE?

Kwanza, joto. Sote tunaijua Tabora ya mwezi wa Septemba na Oktoba. Nyumba ya bati isiyo na dari huwa tanuri mchana, na mvua ikinyesha usiku mtoto hasikii hata anachosomewa. Dari nene kidogo ya maranda na saruji hupunguza yote mawili.

Pili, mchwa. Mbao za kawaida zikigusa ukuta wa udongo, mchwa wamo. Chembe ya mti iliyozungukwa na saruji pande zote haiwapendezi, wala haiozi upesi.

Tatu, saruji ni ghali kwetu. Tabora haina kiwanda cha saruji, kwa hiyo kila mfuko hufika kwa treni au lori, na gharama ya safari tunailipa sisi. Kitu chochote kinachoufanya mfuko mmoja ufike mbali kinafaa kuangaliwa.

Nne, misitu. Miti ya miyombo inayotuzunguka inapungua kwa mkaa, kwa kukausha tumbaku, na kwa tanuri za matofali ya kuchoma. Mti wa mninga huchukua miaka mingi mpaka ufae kupasuliwa mbao, na sehemu kubwa ya gogo hilo huishia kuwa maganda, vipande na unga. Kuchoma mabaki hayo kandokando ya barabara ni kuuharibu mti mara ya pili.

ADUI ALIYE NDANI YA MTI

Mama mmoja anaweza kusema, "Kumbe ni rahisi! Nachanganya, namimina, nangoja." Akifanya hivyo, huenda kesho yake akakuta uji, na kesho kutwa yake bado ni uji. Sababu ni nini?

Mti una sukari, na miti mingi ina rangi na ukakasi kama ule wa majani ya chai. Vitu hivyo vikiyeyuka katika maji, huizuia saruji isigande. Sukari kidogo tu inatosha kuichelewesha. Miti haifanani katika jambo hili. Paini, ambayo siku hizi huletwa kwa wingi kutoka mashamba ya miti kama Sao Hill, kwa kawaida hupatana na saruji vizuri zaidi. Miti ya asili yenye moyo wa rangi nzito, kama mninga na mkurungu, inahitaji tahadhari. Ndiyo maana neno la kwanza la kumwambia seremala ni hili: "Fundi, tafadhali usinichanganyie. Maranda ya paini weka gunia lake, na ya mninga gunia lake." Asipokuwa na nafasi ya kutenga, tumwachie magunia mawili na tumwombe kwa upole. Atakubali, maana tunamsaidia kusafisha uwanja wake.

Dawa ya adui huyo ni maji. Tuloweke maranda usiku kucha katika pipa au ndoo. Asubuhi tutaona maji yamekuwa rangi ya chai. Tuyamwage, tuweke mengine, tukoroge, tungoje tena. Turudie mpaka maji yabaki karibu meupe. Maji ya moto hufanya kazi haraka zaidi, lakini yanakula kuni, hivyo anayeyataka ayachemshe kwa jiko la maranda. Maji hayo ya rangi tusiyamwage karibu na kisima.

Viwandani huongeza chumvi iitwayo kloridi ya kalsiamu, kama kilo 1 hadi kilo 1 na nusu kwa mfuko wa kilo 50, ili saruji igande upesi. Sisi tunaweza kufanya bila hiyo. Anayeitumia ajue kwamba huozesha chuma, kwa hiyo isitumike penye nondo, na misumari iwe ya kuzuia kutu.

JARIBIO LA MAKOPO MANNE

Kabla ya kugusa mfuko mzima, tufanye jaribio dogo ambalo gharama yake ni kilo chache za saruji. Tutafute makopo manne ya ukubwa mmoja.

Kopo la kwanza: saruji na maji tu.

Kopo la pili: saruji na maranda ambayo hayakulowekwa.

Kopo la tatu: saruji na maranda yaliyolowekwa usiku mmoja.

Kopo la nne: saruji na maranda yaliyolowekwa na kubadilishiwa maji mara mbili au tatu.

Tuandike namba juu ya kila kopo, tuyaweke kivulini, tuyafunike kwa gunia bichi. Baada ya saa 24 tukwaruze kila moja kwa msumari. Turudie siku ya tatu na siku ya saba. Kopo la kwanza ndilo kipimo chetu cha kugandia: tutajua saruji yenyewe ni nzima. Likiwa halikuganda, saruji imekaa dukani mpaka ikaharibika, wala tusiyalaumu maranda. Kopo la nne likiwa gumu na la pili likibomoka, tumejua kwamba kuloweka kunasaidia. La nne nalo likibomoka siku ya saba, mti huo haufai. Maranda yake yarudi jikoni na bandani, tujaribu ya mti mwingine. Tufanye jaribio hili upya kila tunapobadilisha seremala au aina ya mti.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Vifaa: saruji, maranda, maji safi, karai, beleshi, mwiko, na kalibu ya mbao yenye nafasi ya sentimita 60 kwa 60 na kina cha kama sentimita 4. Maranda ya randa, yaliyo mapana na membamba, ni bora kuliko unga wa msumeno, kwa sababu yanashikana. Unga ukitumika peke yake hula saruji nyingi na kibao huwa dhaifu. Kiasi kidogo cha unga kikichanganywa na maranda si kibaya.

1. Chekecha maranda kuondoa magome, misumari na mchanga. Gome lina ukakasi mwingi kuliko mti wenyewe.

2. Pima maranda yakiwa makavu, kabla ya kuyaloweka. Tumia mizani. Kipimo cha kuanzia ni kilo 2 za saruji kwa kilo 1 ya maranda makavu. Usipime kwa ndoo kwa ndoo, kwani ndoo ya maranda ni nyepesi sana na ndoo ya saruji ni nzito.

3. Loweka kama tulivyoeleza, kisha kamua mpaka yasidondoshe maji.

4. Tandaza maranda mabichi juu ya turubai au sakafu safi, nyunyiza saruji kidogo kidogo huku mwenzako akigeuza, mpaka kila chembe ivae saruji na kuwa ya kijivu. Ongeza maji kwa uangalifu. Ukikamata konzi moja na kulibana, libaki donge na maji yaonekane kidogo tu katikati ya vidole. Yakichuruzika, umezidisha.

5. Tandika karatasi ya nailoni ndani ya kalibu, au ipake mafuta. Jaza, sambaza hadi pembeni, kisha funika kwa ubao na ushindilie mpaka unene ubaki kama sentimita 2 na nusu. Weka mawe mazito juu yake, au panga kalibu moja juu ya nyingine, na uziache zimebanwa kwa saa 24.

6. Toa kibao polepole. Kiweke kivulini, kifunikwe kwa magunia yanayolowanishwa asubuhi na jioni, kwa siku 7. Saruji hupata nguvu kwa unyevu. Kibao kilichoanikwa juani siku ya kwanza kitapinda na kupukutika.

7. Baada ya hapo visimamishe kivulini, hewa ipite katikati. Visitumike kabla ya siku 28 kutimia.

Mfuko mmoja wa kilo 50, kwa maranda kilo 25, unaweza kutoa kama vibao 12 vya kipimo hicho. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinahitaji vibao 25, yaani mifuko miwili na ziada kidogo. Haya ni makisio. Unene na nguvu ya kushindilia hubadilisha hesabu. Kila mama achukue bei ya mfuko pale anaponunulia, aongeze usafiri na nailoni, agawanye kwa idadi ya vibao alivyopata, kisha alinganishe na bei ya vibao vya dari dukani. Hesabu hiyo ndiyo itakayoamua, wala si maneno yetu.

VINAFAA WAPI, HAVIFAI WAPI

Vinafaa kwa dari, kwa kugawa chumba cha watoto wa kike na wa kiume, kwa kuziba upande wa banda la kuku, na kwa ukuta wa ndani wa stoo. Kibao kimoja huwa na uzito wa kama kilo 6 au 7, hivyo dari ya chumba kimoja yaweza kufika kilo 160 au zaidi. Kabla ya kupandisha, fundi aangalie kenchi na aweke fremu imara, kila ukingo wa kibao ukalie mbao. Atoboe kwanza kwa keke ndipo atie skrubu, maana msumari ukipigwa kwa nguvu karibu na ukingo hupasua. Ukuta unaweza kupigwa lipu nyembamba ya mchanga na saruji, kisha rangi.

Havifai kubeba paa, kuwa kizingiti cha mlango, kufunika shimo la choo, wala kukaa chini ardhini penye maji. Tafadhali, mama, usikubali mtu akushawishi kujenga ukuta wa kubeba nyumba kwa mchanganyiko huu. Maisha ya watoto hayafanyiwi majaribio.

TUJILINDE TUNAPOFANYA KAZI

Vumbi la mbao huingia mapafuni. La mninga linajulikana kuwasha pua na kuwaletea watu wengine pumu. Tujifunge kitambaa kibichi puani na tunyunyizie maranda maji kabla ya kuyachota. Mwenye pumu apewe kazi ya kupima na kuandika, mbali na vumbi.

Saruji mbichi huunguza ngozi polepole bila mtu kuhisi mara moja. Tuvae glavu, au mifuko ya nailoni mikononi, na viatu vilivyofunika mguu. Ikiingia machoni, tuoshe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha twende hospitali. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuchanganya, na wadogo wasicheze kwenye chungu ya saruji.

Mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa tusiyatumie kabisa, si kwa vibao wala kwa jiko. Dawa ile ni sumu, na moshi wake ni hatari kwa mpishi na kwa wote walio jikoni.

KAZI YA KIKUNDI

Kazi hii inachosha mtu mmoja lakini inawafaa watu watano au sita: mmoja anachekecha, wawili wanageuza, mmoja anashindilia, mmoja anatunza daftari. Vikundi vya akina mama vya kanisa na vya mtaa tayari vina mazoea ya kuweka na kukopeshana. Hata hivyo tunashauri kikundi kisitoe fedha zote za mfuko kwa mara moja. Kianze na makopo manne, kisha mfuko mmoja, kisha dari ya chumba kimoja cha mwanachama atakayekubali. Chumba hicho kiangaliwe masika yote: je, vibao vimepinda? Vimeota ukungu? Skrubu zimeshika? Msimu ukipita salama, ndipo kikundi kifikirie kuuza. Atakayenunua ni jirani yetu, na kibao kikimwangukia, jina la kikundi limekwisha.

Kwa ushauri wa ufundi, tusione haya kuuliza ofisi ya SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, au walimu wa uashi na useremala katika vyuo vya VETA. Twende na kopo letu la nne mkononi na daftari letu. Mtaalamu atamsikiliza vizuri zaidi mtu mwenye kitu cha kuonyesha.

Nyumbani nako, tuzungumze na baba watoto kabla saruji haijanunuliwa. Tukae naye jioni, tumwonyeshe hesabu ya vibao na bei yake, tumwombe akague kenchi pamoja na fundi. Mume aliyeshirikishwa tangu kwenye kopo hatacheka kibao kimoja kikivunjika. Atauliza kilibanwa saa ngapi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakati mzuri wa kuanza ni kiangazi, mvua zikiwa mbali na kivuli cha miembe kikiwa kikavu. Tukianza makopo mwezi wa Juni, vibao vitakuwa tayari kabla ya joto la Septemba, na dari itakuwa juu kabla ya mvua ya Novemba. Gunia la kwanza la maranda halina bei kubwa. Kwa seremala wengi ni bure kwa atakayelibeba. Tulibebe wiki hii, kabla hajaliwasha moto.